Ulinzi Shirikishi Usiotushirikisha

Ukikaa Shinyanga au Geita zaidi ya wiki moja lazima utaambiwa maneno haya: "Enzi za Sungusungu mtu alikuwa analala mlango wazi." Utaambiwa kwenye basi, msibani, kwenye foleni ya maji. Mwenyekiti wa mtaa atayasema akitaka mchango. Afande atayasema akialikwa mkutanoni. Hata mshikaji aliyezaliwa juzi, ambaye upinde ameuona kwenye ngoma tu, naye atayasema huku anatikisa kichwa kama mzee wa miaka themanini. Mimi nimeyachoka. Sikatai kwamba Sungusungu walifanya kazi. Ninachokataa ni watu kutumia jina la marehemu kuombea pesa.

Ndugu msomaji, kabla hujaokota jiwe, hebu twende polepole.

Vita vya Kagera viliisha mwaka 1979. Bunduki nyingine zikabaki kwenye mikono isiyostahili, maduka yakawa matupu, na huku kwetu Usukumani na Unyamwezini ng'ombe wakaanza kuibwa kwa mtutu. Polisi walikuwa wachache na barabara mbovu, na baadhi yao, tusidanganyane, walikuwa wanakula sahani moja na wezi. Ndipo mwaka 1981 na 1982, katika vijiji vya upande wa Kahama, wananchi wakajipanga wenyewe. Wao walijiita basalama, watu wa amani, lakini jina lililoshika ni la wale wadudu weusi wanaouma. Kila mwanamume alitakiwa awe na upinde wake, mishale yake na filimbi. Ukipigwa mwano, unatoka. Usipotoka, kesho utajibu. Nyayo za ng'ombe zilifuatwa hadi mpaka wa kijiji, na pale wa kijiji cha pili wakazipokea, wakazifuata hadi kwa wa tatu. Mtindo huo ukaenea Shinyanga yote, Tabora na Mwanza. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono wakati wanasheria wanakuna vichwa, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili Sungusungu nao watambulike.

Babu yangu, guku kama tunavyosema, alikuwa mmoja wao. Alinisimulia mambo mengi, mengine ameyatia chumvi bila shaka, lakini moja ninaliamini kwa sababu wazee wote wa rika lake wanalisema vilevile. Alisema adhabu iliyoogopwa kuliko zote haikuwa mshale wala viboko. Ilikuwa kutengwa. Mtu aliyetengwa hapewi moto, hasalimiwi kisimani, watoto wake hawachezi na wenzao, na akifiwa anachimba kaburi peke yake. "Mjukuu wangu," alikuwa ananiambia, "mwizi hakuogopa kufa, aliogopa kuzikwa na mke wake tu." Na mtemi wa Sungusungu aliyetoa hukumu hiyo alikuwa jirani. Mnamjua baba yake, mnajua shamba lake linaishia wapi, usiku analala kwenye umande pamoja nanyi, na mtoto wake akitajwa anatajwa hadharani, naye yupo amekaa anasikia.

Sasa chukua chombo hicho ukipeleke Katoro. Au Kakola. Au Kahama mjini, au mtaa wowote wa Geita. Chumba kimoja, mpangaji ametoka Kigoma, wa pili Mara, wa tatu hajulikani, anasema tu "natokea kwetu". Dhahabu ikisikika Nyarugusu mtaa unahama nusu, ikisikika Rwamgasa unahama nusu nyingine. Utamtenga nani? Ukimtenga mpangaji leo, kesho anapanda Hiace na godoro lake na habari imekwisha. Kule kijijini kutengwa kulikuwa na meno kwa sababu watu walikuwa na mahali pa kuzikwa. Mjini tumelichukua jina, filimbi na rungu, halafu ile sehemu iliyokuwa inafanya kazi tukaiacha nyuma. Na pengo lile tumelijaza kwa nini? Kwa faini na mchango.

Siyo jambo la leo. Mapema miaka ya 1990 Augustine Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ndiye aliyeisukuma Sungusungu hadi mijini, mpaka Dar es Salaam yenyewe watu wenye tai wakatakiwa kushika doria. Mrema alipendwa kwa hilo, na alipofariki mwaka 2022 wengi walilikumbuka. Baadaye, IGP Said Mwema akiongoza jeshi kati ya 2006 na 2013, tukaletewa jina la polisi jamii na ulinzi shirikishi. Wakenya nao baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013 wakaja kuazima nyumba kumi zetu, sisi wenyewe tukiwa tumeziacha zikabaki kuwa mambo ya balozi wa chama. Majina yanabadilika. Hapa mtaani kwangu, ambao siutaji maana bado nakaa humo, ulinzi shirikishi maana yake ni shilingi 2,000 kila kaya kila mwezi, na asiyelipa analinda.

Hapo ndipo nataka tukae.

Mwenye nyumba ya geti hatalinda. Analipa. Mwenye duka analipa, mwalimu analipa, mwenye karasha la kusagia mawe analipa za mwaka mzima kwa mkupuo na anashukuriwa mkutanoni. Anayelinda ni nani? Ni kijana asiye na elfu mbili. Anapewa rungu na tochi, anaambiwa zunguka mpaka alfajiri, halafu asubuhi anatakiwa akabebe mawe. Na anayekamatwa usiku huo ni nani? Ni kijana mwingine asiye na elfu mbili. Tajiri kalala. Tumegeuzwa kuwa paka na panya kwa zamu, wiki hii wewe paka, wiki ijayo mimi.

Nasema hivi kwa sababu yamenipata. Mwaka juzi nilikuwa natoka steshenari saa nne na nusu usiku, nimechelewa kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kuchapa sura ya sita ya riwaya yangu. Nina madaftari matatu kwapani. Wakanisimamisha watu watano.

"Dogo, unatoka wapi saa hizi?"

"Natoka kuchapa kazi yangu, kaka."

"Kazi gani ya usiku?"

"Riwaya."

"Riwaya ndiyo nini?"

Wakacheka. Mmoja akamulika daftari, akasoma mstari, bahati mbaya ulikuwa mstari wa jambazi anaongea. Ikawa kesi. Nikaulizwa risiti ya ulinzi. Nikawaambia baba mwenye nyumba ndiye analipa kwa nyumba nzima. Wakaniambia nikae chini, kwenye vumbi, nikakaa na wengine wanne: wawili wanatoka machimboni, mmoja anatoka kuangalia mpira, mmoja amelewa kidogo na alikuwa analia. Tulikaa mpaka saa saba. Kila aliyetoa shilingi 5,000 akasimama akaenda zake. Risiti hakuna, jina halikuandikwa, kituoni hatukupelekwa. Na usiku huohuo, nyumba tatu kutoka pale, mama mmoja aliibiwa jiko la gesi na mtungi wake.

Kati ya wale walinzi mmoja nilisoma naye mpaka kidato cha nne. Aliangalia pembeni muda wote. Kesho yake akanifuata kijiweni, akasema: "Mwanangu, usinichukie. Mimi mwenyewe niko pale kwa sababu sina elfu mbili." Sina la kumjibu hadi leo, na sidhani kama yeye ndiye anayepaswa kujibu.

Watu watasema: lakini wizi umepungua. Umepungua kwa kipimo gani? Nani anayeandika? Daftari la lindo likiwepo huwa linaandikwa waliofika zamu na wasiofika, ili wapigwe faini. Haliandiki nini kimeibwa, wapi, saa ngapi. Kama hujui kwamba vibaka wanavunja zaidi kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, wakati walinzi wamechoka wameota moto, utapangaje lindo? Nenda kamuulize mama ntilie anayeamka saa kumi kuwasha jiko. Yeye anajua. Anajua nani anapita na nini kimefunikwa kwenye toroli. Lakini mama ntilie hayumo kwenye kamati ya ulinzi, eti ulinzi ni kazi ya wanaume.

Tena kuna hili neno la "mzururaji". Kijana akikutwa barabarani bila sababu inayompendeza mwenye rungu, yeye ni mzururaji. Neno hilo tumelirithi kwa mkoloni, limo kwenye Kanuni ya Adhabu, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika. Arusha siyo Ulaya, jamani. Ni safari ya siku moja kwa basi. Na sheria yetu wenyewe ya mwenendo wa makosa ya jinai inasema raia anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, halafu amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haisemi amkalishe vumbini mpaka saa saba. Haisemi ampe bei.

Sasa wazee wangu watakasirika, lakini ngoja nimalizie. Hadithi ya mlango wazi ina upande wa pili ambao haisimuliwi msibani. Sungusungu haohao waliofuata nyayo za ng'ombe walifuata pia wachawi. Na mchawi hana nyayo. Mchawi anapatikana kwa kusemwa. Bibi kizee mjane, macho mekundu kwa sababu amepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba miaka hamsini kwenye jiko lisilo na dirisha, huyo ndiye ushahidi. Mauaji ya vikongwe hapa Shinyanga na Mwanza yalianza kabla ya Sungusungu na hayakuisha nao. Mlango wake yeye bibi haukuwa wazi hata usiku mmoja.

Na wakubwa walipotaka kuyakomesha kwa mkato, yakaja mengine. Mwaka 1976 ilifanyika operesheni katika mikoa hii miwili, watu wakakamatwa, wakateswa, na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu ingawa yeye hakumgusa mtu kwa mkono wake. Ndiyo, Mwinyi huyohuyo aliyekuja kuwa Rais. Najiuliza, kama waziri aliweza kuachia kiti kwa ajili ya mahabusu wa Shinyanga, inakuwaje kamanda wa lindo la mtaa hawezi hata kusema jina lake anapochukua elfu tano zangu?

Halafu ikaja 2009, hii hata mimi naikumbuka kwa mbali, nilikuwa shule ya msingi. Watu wenye ualbino walikuwa wanauawa, na mikoa iliyotajwa zaidi ni hii yetu. Nchi ilichafuka roho, na ilikuwa haki yake. Januari mwaka ule Waziri Mkuu Mizengo Pinda, akiwa ziarani Kanda ya Ziwa, alisema muuaji naye auawe palepale, na baadaye akatoa machozi bungeni akijieleza. Machi, serikali ikapitisha kura za siri. Unapewa karatasi, unaandika jina la unayemshuku kwa mauaji hayo, au kwa ujambazi, unatumbukiza kwenye sanduku.

Fikiria kidogo karatasi ile. Mwandishi haonekani. Anayeandikwa hayupo. Hakuna anayemuuliza mwandishi: uliona nini? Mtu mwenye deni anaweza kumwandika anayemdai. Mke mkubwa anaweza kumwandika mke mdogo. Ni ulinzi wa jamii ambao jamii haisemi neno, inanong'ona kwenye sanduku. Guku, na mabaya yote ya kundi lake, walau alilazimika kusimama mbele ya watu aseme "mimi ndiye ninayemtaja fulani, na sababu yangu ni hii." Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino huko Bukombe, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa Shinyanga na tangu 2012 imo mkoa wa Geita. Mle mahakamani shahidi alisimama akaulizwa, mshtakiwa akasikilizwa, na njia ya rufaa ikawepo. Polepole, ndiyo. Lakini huo upole ndio unaomtenganisha mwenye hatia na yule aliyeandikwa na mdeni wake.

Nimewasema wazee vya kutosha. Sasa nyie washikaji zangu wa kijiweni, msishangilie.

Sisi nasi tuna wimbo wetu: "Ulinzi ni kazi ya njagu, analipwa mshahara." Tunasema hivyo, halafu likipigwa yowe la "mwizi!" sisi ndio wa kwanza kufika na tairi. Hatuna muda wa mkutano lakini muda wa kuchoma mtu tunao. Mwenyekiti anapiga debe la mkutano wa mtaa Jumapili saa nne, tunasema hiyo ni mipango ya wazee. Novemba 2024 ulikuja uchaguzi wa serikali za mitaa, wangapi hapa kijiweni walijiandikisha? Niliuliza, nikahesabu mikono, haikujaa viganja viwili. Basi mtu asiyekuja mkutanoni anapangiwa lindo na aliyekuja. Ndivyo hesabu ilivyo, wala siyo uonevu wa ajabu.

Na sisi tunaojiita waandishi tuna dhambi ya pekee. Tumelelewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na nawaheshimu mabwana hao kwa sababu ndio walionifanya nipende kusoma. Madaftari yangu yenyewe yananuka Mtobwa. Lakini angalieni walichotufundisha kuhusu uhalifu: unamalizwa na mwanamume mmoja mtanashati mwenye bastola, akisafiri kwa ndege, na adui yake ni mtu mkubwa mwenye siri ya taifa. Katika miswada yote niliyosomewa na wenzangu hapa Geita, na ni mingi, sijakutana na sura hata moja ya mkutano wa mtaa. Sijakutana na mtunza hazina wa kamati ya ulinzi anayelala na daftari chini ya mto. Wala yule mshikaji wangu anayelinda kwa sababu hana elfu mbili. Je, hiyo siyo riwaya? Kijana anamkalisha rafiki yake vumbini saa tano usiku, anaangalia pembeni. Mimi ningeisoma hata kwa kibatari.

Tena hapa kuna mambo ambayo hakuna Dar wala Nairobi. Kuna magwangala, yale mawe ya taka ya mgodi mkubwa, yaliyoleta ugomvi wa nani achukue na nani afukuzwe. Kuna ukuta wa mgodi wenye walinzi wa kampuni, taa na mbwa, na hatua chache tu kutoka hapo kuna mtaa unaolindwa na kijana mwenye tochi iliyokwisha betri. Pale ndani ulinzi unalinda dhahabu. Nje unalinda nini, na kwa pesa ya nani?

Hesabu rahisi. Tuseme mtaa una kaya 300. Kila kaya 2,000. Hizo ni shilingi 600,000 kwa mwezi, na kwa mwaka milioni saba na laki mbili. Kwa fedha hiyo unaweza kuwalipa vijana wanne kitu kidogo kila mwezi, wenye majina yanayojulikana na vitambulisho vifuani, ukabakiwa na za taa nne za barabarani. Taa, ndugu zangu! Kichochoro nilichokalishwa mimi hakina taa hata moja. Kama fedha hiyo inakusanywa na vijana hawalipwi na taa hazipo, kuna mtu anapaswa kueleza, na hahitaji kuitwa mwizi ili aeleze. Aombwe tu daftari.

Siku hizi tunaambiwa kila kata ina mkaguzi wake wa polisi. Vizuri. Wa kwetu nimemwona mara mbili, ni mtu mpole, anasalimia. Nami nimemwandikia barua, nakala kwa mwenyekiti, nikiwa na saini za wapangaji kumi na saba na za mama ntilie watatu. Tumeomba mapato na matumizi ya mchango yabandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Tumeomba anayekamatwa aandikwe jina, saa na sababu, na jina la aliyemkamata liandikwe pembeni yake. Tumeomba mama ntilie mmoja na kijana mmoja wa machimboni waingie kwenye kamati. Katibu aliipokea akaisoma yote amesimama, akauliza nani ametutuma. Tukamwambia hakuna. Akagonga muhuri.

Mkutano umepangwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne, chini ya mwembe wa ofisi. Yule mshikaji wangu amesema atakuja kama hatakuwa lindoni usiku wa kuamkia siku hiyo. Nimekwenda kuangalia ratiba iliyobandikwa. Wamempanga usiku huohuo, na mimi wamenipanga naye.